Kabla hujaangalia uso wa sarafu, soma pembeni

Nikisema nakusanya sarafu za zamani swali la kwanza huwa "unayo rupia ya Mjerumani?" na la pili, kwa sauti ya chini kidogo, "inaenda bei gani?" Nimeshazoea. Matapeli wa rupia wametuharibia sana huu mchezo hapa Bongo, mtu akisikia tu sarafu ya kale kichwani anaona ghorofa. Leo sigusi fedha wala dhahabu. Nataka kuongelea shaba, chenji ndogondogo, tena ile ambayo haikutolewa na serikali, ilitolewa na wenye migodi, wenye maduka na muuza vitabu mmoja mbishi kweli kweli, huko Uingereza kati ya 1787 na 1797. Zinaitwa tokeni, na hapana, sio zile za Luku. Pwani yetu nayo nitaifikia, maana huku pia makampuni yalileta shaba yao, ila kwa tabia tofauti kabisa, na hiyo tofauti ndo imenikalisha kuandika.

Hali ilikuwa hivi. Miaka ya 1780 viwanda vinaota kila kona Uingereza, watu wameacha mashamba wanafanya kazi ya mshahara, na mshahara wenyewe ni shilingi chache kwa wiki, kwa hiyo wanahitaji peni na nusu peni za kununulia mkate na bia. Na hizo ndo hazipo. Kiwanda cha sarafu cha mfalme pale London akili yake yote ilikuwa kwenye dhahabu, shaba kilikuwa kinaidharau, kiligonga nusu peni za George III kuanzia 1770 mpaka 1775 halafu kikaacha, na kikakaa zaidi ya miaka 20 bila kutoa shaba nyingine. Matokeo yake tajiri anawalipa vibarua kikundi kizima kwa pamoja, anawapa hela kubwa moja wakagawane wenyewe, wanaenda kuivunja baa, na mwenye baa si mjinga, lazima wanywe kwanza. Sisi tuliorudishiwa pipi dukani kisa "chenji hakuna" hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Feki zikajaa. Mwaka 1787 kiwanda hicho hicho cha mfalme kilichunguza nusu peni zilizokuwa zinazunguka mitaani kikakuta asilimia 8 tu ndo angalau zinafananafanana na hela halali. Nane! Zilizobaki ni vibati vyepesi, vingine huoni hata sura. Halafu kuna jamaa walijiongeza zaidi, sheria inakataza kuiga hela ya mfalme, basi wao wanagonga kitu kinachofanana ukikitazama kwa mbali ila maandishi wamebadilisha, penye jina la mfalme wanaandika GEORGE RULES, penye Britannia, yule mwanamke anayewakilisha Uingereza, wanaandika BONNY GIRL, wengine wakamweka Shakespeare kabisa. Wengi hawakujua kusoma, wanaona kichwa upande huu na mwanamke amekaa upande ule, wanapokea. Ukikamatwa unamwambia hakimu mheshimiwa soma mwenyewe, mfalme yuko wapi hapo? Hizi nazo zina wakusanyaji wake hadi leo na mi nazipenda sana kwa ule ujeuri.

Sasa ndo anaingia mgodi wa Parys. Ni mlima wa shaba kwenye kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales, mwamba mkubwa uligunduliwa pale 1768, na aliyekuja kuushika mchezo mzima ni mwanasheria anaitwa Thomas Williams. Wakili, hakuwa mchimbaji. Aliingia kwa mlango wa kesi ya kugombania ardhi ya mgodi, akaishia kushika sehemu kubwa ya biashara ya shaba ya nchi nzima. Kwao walimpa jina Twm Chwarae Teg, yaani Tom mtenda haki, kaa na hilo jina kwanza nitalirudia. Mwaka 1787 kampuni yake ikaanza kugonga peni zake yenyewe. Usoni kuna kichwa cha kuhani wa kale wa Wales, mzee mwenye ndevu amejifunika kofia ya joho, amezungukwa na majani ya mwaloni. Nyuma herufi za kampuni zimefungamana, PMC, na maneno WE PROMISE TO PAY THE BEARER ONE PENNY, tunaahidi kumlipa mwenye nayo peni moja. Halafu ilaze ubavu uizungushe taratibu. Kwenye ule ukingo mwembamba, ambao kwenye hela nyingi hakuna anayehangaika kuutazama, pameandikwa ON DEMAND IN LONDON LIVERPOOL OR ANGLESEY. Wakati wowote ukitaka, njoo London, Liverpool au Anglesey.

Hebu fikiria uzito wa hayo maneno. Mfalme hakuwahi kuandika kwenye nusu peni ukimtafuta umpate wapi. Anakuonyesha sura yake, basi, ukijikuta na gunia la shaba ambalo hakuna anayelitaka utajua mwenyewe. Mwenye mgodi anakupa anwani, tena tatu. Na si maneno tu, kiwanda cha mfalme kilikuwa kinatoa nusu peni 46 kwenye ratili moja ya shaba, ambayo ni peni 23, Parys wakatoa peni 16 kwenye ratili ile ile, yaani peni moja ina karibu wakia nzima, kama gramu 28. Ukiiweka kiganjani unaisikia. Hela ya mchimba shaba ikawa nzito kuliko hela ya George, na watu wakaipokea mbali sana na Anglesey. Hesabu inayotajwa kwenye vitabu ni tani 250 za peni na tani 50 za nusu peni.

Williams hakuwa anatoa sadaka, tuelewane. Alikuwa na shaba nyingi kutafutia soko, na kuigeuza hela ni njia nzuri tu ya kuiuza. Halafu kila tokeni iliyoanguka mtoni, iliyozikwa chini ya sakafu au iliyoendelea kuzunguka bila kurudi ofisini kwake ni mkopo usio na riba ambao kampuni imekopeshwa na mtu asiyejua hata kama amekopesha. Lakini ahadi ipo, imegongwa, na huwezi kuifuta bila kuharibu hela yenyewe.

Kuna kitu hapa wanaoanza kukusanya wanakichanganya. Wanadhani maandishi ya pembeni ni ya kuzuia watu kukwangua chuma. Hiyo ni kwa dhahabu na fedha, shaba nani ahangaike kuikwangua? Kwenye shaba kazi yake ilikuwa kumsumbua mtengeneza feki. Kile kipande cha duara kabla hakijagongwa kinabiringishwa katikati ya vyuma viwili virefu vyenye herufi, vinakibana, herufi zinabaki pembeni. Ni mashine ya ziada, ni mtu wa ziada, ni muda, na mtengeneza feki faida yake iko kwenye haraka na kupunja uzito. Akiuacha ukingo mtupu umemjua, akijaribu herufi zinapinda au zinakatikia njiani. Na feki za tokeni za Parys zilikuwepo nyingi tu, hiyo usishangae, zilifekiwa kwa sababu zilikuwa hela nzuri.

Mwaka huo huo John Wilkinson, bwana wa chuma, naye akatoa zake, na huyu alikuwa na kichwa chake. Pale ambapo hela ya nchi inakaa sura ya mfalme yeye akaweka sura yake mwenyewe, na kuizunguka akaandika JOHN WILKINSON IRON MASTER. Magazeti yakamcheka sana. Pembeni akaorodhesha viwanda vyake, WILLEY SNEDSHILL BERSHAM BRADLEY, ukichoka na sura yangu unajua pa kunikuta. Huyu ndo aliyemtobolea James Watt silinda za injini za mvuke mpaka zikakaa sawasawa, akatengeneza boti ya chuma 1787 watu wakisema itazama, na alipokufa akazikwa kwenye jeneza la chuma kama alivyotaka. Sipendi watu wa kujikweza ila huyu nashindwa kumchukia, kazi yake ilionekana.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi, kila mji ukataka zake. Coventry 1792 walimweka Lady Godiva, mwanamke uchi juu ya farasi, kwenye nusu peni ya kununulia mkate, na nyuma yake tembo amebeba ngome. Wauza chai wakagonga, wauza vitambaa wakagonga, wenye mabaa wakagonga, kila mmoja na anwani yake. Ukizisoma moja moja unatembea mtaani kwao, duka la nani liko wapi na anauza nini.

Niliahidi kurudi kwa Tom mtenda haki. Viwanda vyake vya kule Holywell, kwenye bonde la Greenfield, havikuwa vinatengeneza shaba ya kuvisha meli na masufuria tu. Vilikuwa vinatoa pia bidhaa za shaba na shaba nyeupe za kupeleka Afrika Magharibi, zikiwemo manila, zile bangili nzito ambazo zilikuwa hela ya kununulia watu. Mwaka 1788 bunge lilipoanza kuibana biashara ya utumwa Williams alipeleka ombi la kupinga, mtaji wake ulikuwa humo. Kwa hiyo ahadi ya London, Liverpool au Anglesey ilikuwa ya kweli kwa aliyekuwa anahesabiwa mtu wa kulipwa. Mlima ule ule ulitoa peni ya kumlipa kibarua wa Wales na bangili ya kumnunua mtu wa Afrika. Mi siwezi kuishika ile peni ya kuhani nikawaza ndevu na majani ya mwaloni peke yake, na nimeona wakusanyaji wengi wa huko wanaisifia weee bila kufika hapa.

Na hapo hapo, kwenye mtindo ule ule wa nusu peni, wapinzani wa utumwa nao wakagonga yao. Inatokana na ile picha ambayo kiwanda cha Wedgwood kilitoa 1787 kwa ajili ya chama cha kukomesha biashara hiyo, mtu mweusi amepiga goti, mikono ina minyororo, maneno AM I NOT A MAN AND A BROTHER. Nyuma mikono miwili imeshikana na dua kwamba utumwa na uonevu ukome dunia nzima. Picha yenyewe ina matatizo yake, huyo mtu kila mara yuko magotini anaomba, hasimami. Lakini nakubali ujanja wa kuipitisha kwenye chenji, gazeti mtu analitupa, nusu peni inazunguka sokoni mpaka iishe sura.

Muuza vitabu mbishi niliyemtaja mwanzo alikuwa anaitwa Thomas Spence, mtu wa Newcastle aliyehamia London, na hoja yake ilikuwa moja maisha yake yote: ardhi iwe ya watu wote wa eneo, kodi yake igawanywe kwa wote. (Mwalimu angemkaribisha chai.) Mwaka 1794 walimweka ndani miezi kadhaa bila kesi. Akatoka, akaanza kugonga tokeni. Moja ina mfungwa mwenye minyororo anaguguna mfupa, hiyo ni kabla ya mapinduzi, na nyuma yake mtu yuko mezani anakula na wenzake wanacheza, hiyo ni baada. Nyingine ina paka, anasema kati ya watumwa mimi nina uhuru wangu. Inasemekana alikuwa anazirusha mtaani kwa wapita njia. Na hapo hapo jamaa alikuwa mfanyabiashara, mwaka 1795 alichapa orodha ya tokeni kwa ajili ya wakusanyaji na kuwauzia.

Maana wakusanyaji walishaingia, na hapa ndo mambo yalipoharibika, au yalipopata uhai mpya, inategemea unakaa upande gani. Kufikia 1794 na 1795 homa ilikuwa imepanda, watu wenye nafasi wanazitafuta tokeni kama wendawazimu, na wagongaji wakaona dili. Peter Kempson wa Birmingham akatoa mfululizo wa majengo, Skidmore wa London akatoa makanisa, vitu vizuri sana vya kutazama lakini hakuna mtu atakayenunulia samaki. Wakaanza kuchanganya chapa, uso wa tokeni hii na mgongo wa ile, ili mkusanyaji aione ni mpya anunue tena. Na pembeni? Wengine wakaacha patupu, wengine wakaandika payable at London bila kusema kwa nani, mtaa gani, mlango upi. Ahadi ikabaki pambo. Yaani sisi wakusanyaji ndo tulioiua kazi ya ile anwani, na sisi hao hao ndo sababu leo unaweza kupata nusu peni ya 1795 ambayo haijawahi kulowa jasho la mkono wa mtu.

Sarah Sophia Banks, dada yake Joseph Banks yule mwanasayansi, alikuwa mmoja wa walioshikwa na homa hiyo, na alikuwa makini kupita wengi, alipofariki 1818 aliacha sarafu, medali na tokeni zaidi ya 9,000 ambazo ziligawanywa kati ya British Museum na kiwanda cha sarafu cha mfalme. Nacheka kidogo hapo, shaba zilizotoa aibu ya kiwanda zimeishia kwenye makabati yake. James Conder, muuza vitambaa wa Ipswich, alitoa orodha yake 1798, ndo maana Wamarekani huziita tokeni za Conder. Leo tunatumia namba za Dalton na Hamer, waliotoa kazi yao kati ya 1910 na 1918, na humo utakuta tokeni ile ile imepewa mistari kadhaa kwa sababu ya ukingo tu, hii inalipwa London, hii Liverpool, hii patupu, na bei inaachana sana.

Aliyezimaliza ni mtu aliyekuwa amezigonga mwenyewe. Matthew Boulton, pale Soho karibu na Birmingham, alikuwa na kiwanda cha kugonga kwa nguvu ya mvuke, akachukua kazi ya Parys na ya wengine, na muda wote huo alikuwa anafukuzia tenda ya serikali. Mwaka 1797 akaipata, akatoa zile peni nene zinazoitwa gurudumu la mkokoteni, wakia moja kamili, 16 kwenye ratili. Umeiona hiyo namba? Mfalme kaja kwenye uzito wa mgodi, miaka kumi baadaye. Tokeni zikafifia, zikarudi kidogo 1811 na 1812, sheria ya 1817 ikazipiga marufuku.

Boulton huyo huyo alikuwa amegongea kampuni ya Sierra Leone sarafu zenye mwaka 1791, simba upande mmoja na mikono imeshikana upande wa pili. Kampuni binafsi, hela ya Afrika, kutoka Birmingham. Ikae akilini.

Kiwanda cha Soho kilipouzwa kwa mnada 1850 mashine zake zilinunuliwa na Ralph Heaton wa Birmingham, na kampuni ya Heaton ikawa inagongea nusu ya dunia, alama yake herufi H ndogo. Sasa kachukue pesa (hapa ni jina la sarafu ndogo, si hela yoyote) ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, ile yenye mizani, ya Imperial British East Africa Company ya William Mackinnon. Zipo zenye hiyo H. Ni ukoo ule ule wa shaba ya Birmingham umefika Kilindini, baada ya miaka mia.

Pwani hii ilishazoea shaba za makampuni. Robo ana, sarafu ndogo za shaba za Kihindi, za Kampuni ya Mashariki ya India, za 1835 na 1858, bado zinaokotwa Zanzibar na Bagamoyo. Sultani Barghash alitoa zake za mizani mwaka 1299 wa Hijra, huyo ni dola, simhesabu. Halafu Wajerumani, na hapa watu wanajichanganya, zile pesa za 1890 mpaka 1892 zenye tai hazikutolewa na serikali ya Ujerumani, zilitolewa na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, jina limezunguka tai, na nyuma kwa Kiarabu limeandikwa sharika ya Ujerumani na mwaka wa Hijra. Pesa 64 zilifanya rupia moja, mpaka 1904 zilipokuja heller na rupia ikagawanywa kwa 100.

Zigeuze zote ubavu. Patupu. Ya Mombasa patupu, ya tai patupu. Hakuna tunaahidi, hakuna njoo Mombasa ofisi fulani, hakuna njoo Dar. Yule mwenye mgodi wa Anglesey alilazimika kuandika ahadi kwa sababu vibarua na wenye maduka wa kwao wangeweza kuikataa shaba yake, hakuwa na jeshi la kuwalazimisha. Kampuni za huku zilikuwa na hati ya mfalme, bendera na bunduki, anwani ya nini? Na kampuni ya Mackinnon haikufikisha hata miaka kumi, Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi, shaba ya 1888 ikabaki mikononi mwa watu. Mi naona ukingo mtupu unaeleza ukoloni wa kampuni kuliko tai na mizani.

Kama umeshawishika kuanza, mambo mawili matatu ya kazi. Shaba usiisugue. Najua ndimu ipo, majivu yapo, na kuna mtu lazima atakwambia tumia Brasso, usithubutu, ile rangi ya kahawia imechukua miaka mia na ushee kukaa na ukiitoa umebaki na kipande cha waya wa umeme. Hapa pwani adui ni chumvi na unyevu, ukiona vidoa vya kijani vinavyochambuka kama unga itenge na wenzake haraka. Zile bahasha za plastiki laini zinazonuka ziache, zinatoa majimaji yanayoila shaba, tumia karatasi au plastiki ngumu. Peni ya Parys iliyotumika sana haina bei ya kutisha maana ziligongwa nyingi mno, ni pazuri pa kuanzia, na pesa za tai za kampuni zinapatikana huku huku kwa wauza vitu vya kale ukiwa na subira na ukikataa bei ya kwanza.

Na ukinunua mtandaoni muuzaji atakutumia picha ya uso na mgongo tu, wote wako hivyo. Mwambie alete ya ukingo, tatu au nne akiizungusha, na aweke juu ya mizani namba ionekane. Peni ya Parys ikisoma gramu 20 na pembeni patupu, mwage.